Nyaya za Mwanangu na Somo la Mstari Mwekundu



Ndugu wasomaji, wazazi wenzangu, na nyinyi wanafunzi mnaotusoma kutoka vyuoni, leo naandika juu ya nyaya. Mzazi mmoja hapa kwetu Buyenzi, Bujumbura, alinisimamisha baada ya swala ya Ijumaa. Kijana wake amepata sintesaiza ya moduli, kisanduku cha sauti chenye matundu mengi kama chekecheo, na sasa anaomba pesa za nyaya. Mzee hajui anunue zipi, wala haelewi kwa nini kisanduku kimoja kihitaji nyaya ishirini.

Aliniuliza mimi kwa sababu mbili. Ya kwanza, mimi ni fundi wa redio na amplifaya kwa miaka ishirini na minane sasa. Ya pili, anajua kwamba kisanduku kama hicho kipo nyumbani kwangu, na anajua pia, kwani mtaa haufichi jambo, kwamba mimi ndiye niliyekiunguza.

Nilimjibu kwa ufupi pale msikitini. Kisha nikaona jibu refu niliandike hapa, huenda likamfaa na mzazi mwingine.

Kisanduku kilivyofika

Mwishoni mwa mwaka 2023 mjomba wa watoto wangu, anayeishi Munich, Ujerumani, alikuja kutusalimia. Katika mizigo yake mlikuwa na zawadi ya kifungua mimba wangu, ambaye anasomea umeme chuoni. Ilikuwa sintesaiza iliyokwisha kutumika, ndani ya kisanduku chenye upana wa karibu sentimita 43.

Kwa wasiokijua chombo hiki, sintesaiza hutengeneza sauti kwa umeme. Zile tulizozoea kuziona zina kinanda, na kila kitu kimeshaunganishwa ndani na kiwanda. Hii ya moduli imegawanywa vipande vipande. Kipande kimoja, kiitwacho osileta, hutoa wimbi la sauti. Kingine huichuja. Kingine huipandisha na kuishusha nguvu. Kingine hakitoi sauti kabisa, kazi yake ni kutoa volti za kuviamuru vile vingine. Kila kipande kina matundu usoni, mengine ya kuingilia na mengine ya kutokea. Bila nyaya, kisanduku kizima ni bubu. Unachokisikia ni matokeo ya namna ulivyounganisha wewe, na ukichomoa nyaya zako sauti ile nayo imekwenda.

Aina hii inaitwa Eurorack. Ilianzishwa katikati ya miaka ya 1990 na Mjerumani Dieter Doepfer, ambaye kampuni yake iko Gräfelfing, pembeni mwa Munich. Vipimo vyake vinajulikana: kila moduli ina urefu wa milimita 128.5, umeme wake ni volti 12 chanya na volti 12 hasi, na matundu ya usoni ni ya milimita 3.5. Kwa kuwa vipimo viko wazi, watengenezaji wa nchi nyingi hutengeneza moduli zinazoingia katika kisanduku kimoja.

Najua wako watakaouliza juu ya hukumu ya ala za muziki. Wanazuoni wamekhitilafiana katika jambo hili, nami si mwanachuoni. Muulizeni sheikh mnayemwamini katika elimu yake. Nyumbani kwetu tulikubaliana kwamba hakiwashwi wakati wa adhana wala watu wanapolala, na kwamba ni chombo cha kujifunzia. Na kweli kijana amejifunza kwacho mambo ya volti na mawimbi ambayo darasani yalikuwa yanampita. Mimi nikawakumbuka Banu Musa, wale ndugu watatu wa Baghdad wa karne ya 9, walioeleza jinsi ya kuunda filimbi inayojipiga yenyewe. Kudadisi sauti hakukuanza na watoto wetu.

Usiku ule wa Shaabani

Sasa nieleze kosa langu, kwani bila hilo sina haki ya kumshauri mtu.

Kijana wangu alitaka kuongeza moduli moja, ya kuchuja sauti. Hakuniomba pesa. Kwa zaidi ya mwaka mzima alifundisha hesabu watoto wa jirani kila Jumamosi na Jumapili, akaweka akiba, na moduli ikaletwa na msafiri kutoka Ulaya. Ilifika mwezi wa Shaabani, yaani Februari 2025. Mama yake alipika, tukala, kisha tukakaa sebuleni kuifunga.

Moduli hupata umeme kwa nyuma, kupitia utepe wa nyaya. Utepe wenyewe ni nyaya nyembamba zilizogandamana pamoja, na ukingo wake mmoja una mstari mwekundu. Upande unaoingia kwenye moduli ile ulikuwa na pini 10 katika safu mbili, bila kuta za kuzuia mtu asigeuze.

Nilimnyang'anya. Sina neno jingine la kusema.

"Baba, tungoje kwanza," akaniambia. "Karatasi yake inasema kuna upande."

"Mwanangu, mimi nilikuwa nafunga amplifaya za harusi kabla hujazaliwa."

"Sawa, Baba."

Nikatazama nyuma ya moduli nikaona imeandikwa +12 upande mmoja. Nikautazama utepe, nikaona mstari mwekundu. Katika kazi yangu yote, tangu siku ya kwanza niliposhika betri ya gari, nyekundu ni chanya. Nikauelekeza mstari kwenye +12, nikachomeka, nikawasha.

Katika Eurorack mstari mwekundu ni wa volti 12 hasi.

Ilichukua pumzi moja tu. Ikaja ile harufu ambayo kila fundi anaijua, kisha uzi mwembamba wa moshi. Nilizima haraka, lakini kuzima baada ya moshi ni kama kufunga zizi baada ya mbuzi kutoka. Ziko moduli zenye dayodi za kuzilinda zikigeuziwa umeme. Hii haikuwa nazo.

Kijana hakusema lolote. Alikusanya bisibisi zake, akazipanga kwenye kopo lake, akasema, "Usiku mwema, Baba," akaenda kulala. Ndugu zangu, afadhali angelalamika. Ningepata la kujibu.

Siku tatu alinisalimia vizuri, akanipa heshima yangu yote, akaniletea chai dukani, na hakunieleza jambo hata moja la masomo yake wala la kisanduku. Mama watoto akaniambia, "Mwanao amekufungia mlango, na ufunguo unao wewe." Nikamwambia moduli ni kitu tu, nitaitengeneza. Akanijibu kwamba hakuwa akizungumzia moduli.

Siku ya nne, baada ya swala ya alfajiri, nilimkuta uani nikamwambia, "Nimekosa. Nisamehe." Neno hilo kwa mtu wa umri wangu, kwa mtoto niliyembeba mgongoni, hupita kooni kwa shida. Akainamisha kichwa. Akasema, "Baba, mimi sikuikasirikia moduli. Nilikuambia tungoje, na hukunisikia."

Hapo ndipo nilipoelewa kilichoungua.

Tuliifungua pamoja siku ileile. Rezista mbili za omu 10, zilizo mlangoni pa umeme, zilikuwa nyeusi. Aisi mbili aina ya TL072 zilikuwa zimekufa. Hizo ninazo dukani, kwani zimo katika mikisa nyingi ninazotengeneza. Aisi ya tatu, ile inayofanya kazi ya kuchuja hasa, haikupatikana hapa kwetu. Ilibidi mjomba aitume na msafiri, na ilifika baada ya Idd. Katika majuma yale ya kungoja, nilimwomba kijana anifundishe chombo chake kuanzia mwanzo. Tukaanza na nyaya, kwani nyaya nzima zilikuwa zimebaki nne tu.

Haya yafuatayo ndiyo niliyojifunza kwake, pamoja na machache niliyomwongezea mimi.

Kwanza: jua tundu lako ni la aina gani

Si kila sintesaiza hutumia jeki moja. Robert Moog wa Marekani, alipoanza kuunda za kwake katika miaka ya 1960, alitumia jeki nene ya milimita 6.35, ileile ya gitaa na ya maikrofoni za zamani. Jeki hiyo asili yake ni mitambo ya simu ya karne ya 19, pale mhudumu alipokuwa akiwaunganisha watu wawili kwa waya. Mwenzake Don Buchla, huko California, yeye alitumia plagi za ndizi za milimita 4 kwa volti za kuamuru, na jeki ndogo kwa sauti yenyewe. Plagi ya ndizi ina waya mmoja tu ndani, na faida yake ni kwamba unaweza kuzipandanisha moja juu ya nyingine. Lakini kwa kuwa haibebi waya wa ardhi, ukitaka kuunganisha visanduku viwili ni lazima kwanza uviunganishe ardhi zao kwa waya wa peke yake.

Eurorack hutumia jeki ya milimita 3.5, ndogo kama ya hedifoni za simu. Basi kabla hujatoa pesa, mwambie mtoto akuoneshe tundu. Mzazi mwenzangu alikuwa tayari amewekewa kando dukani jeki kumi za gitaa, na hata moja isingeingia.

Pili: hesabu pete

Chukua jeki uitazame ncha yake. Ukiona pete moja nyeusi, hiyo ni mono, ina sehemu mbili: ncha na mwili. Ukiona pete mbili, hiyo ni stereo, ina sehemu tatu. Ukiona tatu, ni ya simu yenye maikrofoni.

Nyaya za kuunganishia moduli zinatakiwa ziwe mono. Hapa mjini nyingi utakazoziona dukani ni stereo, zile za kuunganisha simu na redio ya gari. Mimi nilidhani zitaleta hitilafu. Kijana akaniambia tupime kabla ya kuhukumu, na tulipopima kwa mita tukakuta stereo pande zote mbili inafanya kazi katika matundu mengi ya mono, kwani ncha hukutana na ncha, na mwili na mwili. Kwa hiyo ukiwa nazo nyumbani usizitupe. Zitakusaidia kuanzia.

Ila uwe macho na kinyume chake. Ukiingiza jeki ya mono katika tundu la stereo, kwa mfano lile la hedifoni, unaunganisha upande mmoja wa sauti moja kwa moja na ardhi. Na ukiweka hedifoni katika tundu la mono, utasikia sikio moja tu na utadhani hedifoni imekufa.

Tatu: urefu, na rangi za mama yao

Kosa la wanaoanza ni kununua nyaya ndefu zote. Waya wa mita moja kati ya matundu yaliyo jirani huning'inia mbele ya vitufe, unafunika maandishi, na mkono ukipita unanasa na kuchomoa mwingine. Nyaya fupi zote nazo ni tatizo, kwani ile ya kuvuka kisanduku huvutika kama kamba ya kuanikia nguo na kulichosha tundu. Kanuni ya kijana ni kwamba waya ukishachomekwa ubaki umelegea kidogo, lakini usifike mezani.

Kwa kisanduku cha ukubwa wa chetu tulikata nyaya 10 za sentimita 15, nyaya 10 za sentimita 30, na 6 za sentimita 60. Jumla ni mita 8 na kidogo, kwa hiyo roli moja ya mita 10 ilitosha, na ikabaki ya kuharibia.

Mama watoto, ambaye ni mshonaji, alitutazama tukitafuta waya mfupi katika lundo jeusi akacheka. Akasema, "Mimi nyuzi zangu sizitafuti." Akatupa vitambaa vya rangi tatu, nasi tukafunga nyekundu kwenye nyaya fupi, kijani kwenye za kati, buluu kwenye ndefu. Baadaye tulinunua mirija ya plastiki ya rangi hizohizo. Fundi wa miaka ishirini na minane, na mwanafunzi wa chuo kikuu, hatukuliwaza hilo.

Nne: mwili wa jeki

Katika moduli matundu yamesogeleana sana. Jeki yenye mwili mpana, hasa zile za chuma zilizo nzuri kutazama, hugusana na jirani yake na kukaa upande upande. Chagua zenye mwili mwembamba, na kabla ya kununua nyingi nunua mbili, zichomeke katika matundu mawili yaliyokaribiana kuliko yote. Zikikaa wima bila kusukumana, rudi dukani.

Tazama pia pale waya unapoingia kwenye jeki. Hapo ndipo nyaya hufia. Ikiwa hakuna kishikio cha kuubana waya, wala mpira wa kuzuia usikunjike, waya huo hautamaliza mwaka. Na mfundishe mtoto kuchomoa kwa kushika jeki, asivute waya.

Tano: dhahabu na kinga

Muuzaji atakuambia jeki za dhahabu zinatoa sauti safi zaidi. Ukweli ni kwamba dhahabu haishiki kutu, na hilo ni jema. Lakini hayo matundu yatachomekwa na kuchomolewa maelfu ya mara, na dhahabu iliyopakwa juu juu hulika. Nikeli ni ngumu zaidi. Kwa nyaya za sentimita 30 sikio halitatofautisha.

Waya wenye kinga, yaani ule uliozungushiwa nyuzi za shaba nje, ni muhimu sana kwa maikrofoni, kwani maikrofoni hutoa milivolti chache tu na huokota ngurumo ya umeme kirahisi. Ndani ya Eurorack mawimbi ya sauti hucheza kati ya volti 5 hasi na volti 5 chanya. Ni makubwa, na nyaya ni fupi. Tulitumia waya wenye kinga kwa sababu ndio uliokuwapo kwa bei nafuu. Kilicho muhimu zaidi ni ulaini. Waya mgumu hujisukuma wenyewe utoke kwenye tundu.

Sita: usigawanye kila kitu

Jambo hili lilinishangaza. Ziko nyaya ambazo jeki yake ina tundu mgongoni, ili uchomeke nyingine juu yake na kugawa ishara moja kwa wawili au watatu. Kwa kazi nyingi ni nzuri. Lakini kwa volti inayoamuru noti ziangalie vizuri.

Katika Eurorack volti moja ni oktava moja. Oktava ina hatua 12, kwa hiyo hatua moja ya kinanda, kutoka kitufe kimoja hadi kinachofuata, ni milivolti 83 tu. Sasa chukua moduli inayotoa volti 4 kupitia rezista ya omu 1,000, na osileta inayopokea kwa omu 100,000. Osileta itapata volti 3.96. Ongeza osileta ya pili kwa waya wa kupandanisha, zote mbili zitapata 3.92. Pengo ni karibu milivolti 39, karibu nusu ya hatua. Noti imeshuka, nawe utakaa usiku kucha ukilaumu osileta. Moduli nyingine zimeundwa kuzuia jambo hili, na kwa zisizozuia ipo moduli ya kugawa yenye aisi ndani, ambayo humpa kila mmoja volti kamili.

Hesabu hiyo aliifanya kijana nyuma ya bahasha, nami nikaihakiki kwa mita yangu. Namba zilikubaliana. Sikumbuki lini nilifurahi hivyo kukuta mtu mwingine yuko sahihi.

Saba: mlango wa kutokea

Waya wa mwisho, unaotoka kwenye kisanduku kwenda kwenye redio au amplifaya ya nyumbani, unaweza kuleta hasara kubwa kuliko zote. Vyombo vya nyumbani hutegemea ishara ya karibu theluthi moja ya volti. Eurorack hutoa karibu mara kumi ya hiyo. Tumia moduli ya kutolea sauti iliyoundwa kupunguza nguvu. Ukikosa, anza na sauti ya amplifaya ikiwa sifuri kabisa uongeze polepole, na usiweke hedifoni masikioni kabla hujajua kiasi. Masikio ya watoto hayana spea.

Kununua au kutengeneza

Tulifanya yote mawili. Mjomba alituletea nyaya 10 zilizotengenezwa kiwandani, nasi tukatengeneza zetu 26. Jeki nilizinunua 60, ingawa hesabu ni 52, kwani nazijua jeki za bei rahisi. Na kweli, nne ziliyeyuka plastiki ya ndani mara tu chuma cha kulehemu kilipozigusa. Ukinunua, jaribu moja kwanza.

Kwa wanafunzi watakaotengeneza wenyewe, utaratibu ni huu. Kata waya. Pitisha kifuniko cha jeki kwenye waya KABLA ya kulehemu. Lehemu ncha, kisha mwili. Bana kishikio. Funga kifuniko. Pima kwa mita: ncha na ncha ilie, mwili na mwili ilie, ncha na mwili isilie. Tikisa waya ukipima. Hilo la kifuniko nimeliandika kwa herufi kubwa kwa sababu jioni ile nililisahau mara tatu, na kila mara ilibidi kuyeyusha risasi na kuanza upya. Mara ya tatu kijana akashindwa kujizuia, akacheka. Nikacheka naye. Ilikuwa mara ya kwanza tangu usiku ule wa moshi.

Neno kwa wazazi

Nimeshika nyaya maisha yangu yote. Lakini elimu yangu ya betri ya gari ndiyo iliyoniambia nyekundu ni chanya, na nikaiamini kuliko karatasi iliyokuwa mezani na mtoto aliyeisoma. Aliyekuwa hajui kitu kabisa angeuliza.

Kwa hiyo mzee wangu wa Ijumaa, jibu langu kamili ni hili. Kabla hujatoa pesa, kaa chini na kijana wako. Mwambie ahesabu matundu, akuoneshe aina yake, akueleze ni yapi anataka kuyaunganisha na kwa nini. Usimsaidie mpaka akuombe. Ukiona anasita, ngoja. Kisha nunua chache, mono, za milimita 3.5, mwili mwembamba, waya laini, nyingi fupi na chache ndefu. Zikipungua ataomba nyingine, na hapo utapata nafasi ya kukaa naye tena.

Moduli yetu ilipona. Aisi ilipofika tuliifunga yeye akishika chuma cha kulehemu na mimi nikishika taa, kwani umeme ulikuwa umekatika na tulikuwa tunatumia betri. Ile iliyoungua ameibandika kwenye ukuta wa chumba chake kwa gundi, bila maandishi.

Siku hizi kila akiongeza kitu kisandukuni, kabla ya kuwasha huniita. "Baba, njoo uangalie mstari." Naja, navaa miwani, naweka kidole kwenye mstari mwekundu, nasoma karatasi kwa sauti, kisha namwambia, "Hasi. Washa." Yeye anaujua upande wake vizuri kuliko mimi, na angeweza kuwasha bila kuniita. Lakini ananiita, nami siku hizi nikiitwa naacha kila nilichoshika naenda.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.